Padmini: Malkia wa Chittor Aliyezaliwa Katika Utenzi

Padmini, ambaye washairi wengine humwita Padmavati, anajulikana kote kaskazini mwa India kama malkia aliyejitosa motoni ili asiangukie mikononi mwa Sultani wa Delhi. Wageni wanaopanda kuitazama ngome ya Chittor huonyeshwa jumba linaloitwa lake. Ngome hiyo ipo hadi leo. Sultani alikuwepo, na mume anayetajwa katika kisa, mfalme Ratansen, naye alikuwepo: jina lake katika historia ni Ratnasimha, na maandishi ya jiwe ya mwaka 1302 yanaonyesha kwamba ndiye aliyekuwa akitawala. Vita navyo vilipiganwa. Katika kisa chote ni malkia peke yake ambaye hatajwi na mwandishi yeyote wa zama hizo. Masimulizi kamili ya kwanza yanayojulikana juu yake ni ya mwaka 1540, miaka 237 baada ya vita, na yamo ndani ya utenzi.

Chittor, au Chittorgarh kwa jina la leo, iko kusini mwa jimbo la Rajasthan. Ni kilima kirefu chenye mgongo bapa, kinachoinuka kiasi cha mita 180 juu ya tambarare, na ukuta umekizunguka pande zote. Juu yake kuna mahekalu, majumba na mabwawa ya kukinga maji ya mvua, kwa hiyo watu waliojifungia humo waliweza kuvumilia miezi mingi bila kushuka chini kuteka maji. Hapo palikuwa makao ya watawala wa Mewar, mojawapo ya falme za Warajputi, jamii ya wapiganaji iliyotawala sehemu kubwa ya magharibi ya India na ambayo mpaka leo inashika sana nasaba, kiapo na heshima ya upanga.

Alauddin Khalji alitwaa kiti cha Delhi mwaka 1296 baada ya kumuua mtawala aliyekuwepo, ambaye alikuwa ami yake na pia mkwewe. Kisha akaanza kuzikamata falme za jirani moja baada ya nyingine: Gujarat mwaka 1299, ngome ya Ranthambore mwaka 1301. Zamu ya Chittor ilifuata. Jeshi liliondoka Delhi tarehe 28 Januari 1303, na baada ya kuizingira ngome kwa miezi mingi, likaingia ndani tarehe 26 Agosti mwaka huohuo. Sababu za vita hivyo hazihitaji malkia ili zieleweke. Mtawala aliyetaka India yote imtii asingeweza kuiacha nyuma ya mgongo wake ngome kubwa kama ile, mikononi mwa mfalme asiyempigia magoti.

Pamoja na jeshi alikuwepo Amir Khusrau, mshairi mkubwa wa lugha ya Kiajemi katika ikulu ya Delhi, na kitabu chake cha ushindi wa Sultani, Khaza'in ul-Futuh, ndicho ushahidi wa karibu zaidi tulio nao. Khusrau anasema Wahindu 30,000 waliuawa kwa amri ya Sultani, mfalme wa Chittor akasamehewa roho yake, na mji ukabadilishwa jina ukaitwa Khizrabad kwa heshima ya Khizr Khan, mtoto wa Sultani. Malkia hamtaji. Ipo sehemu moja tu ambayo imewafanya watafiti wabishane. Khusrau anamfananisha Alauddin na Nabii Suleiman, na yeye mwenyewe anajifananisha na hudihudi. Anayekijua kisa cha hudihudi anajua kwamba ndiye ndege aliyemletea Suleiman habari za Malkia wa Sabaa. Basi wapo waliosema: akitajwa hudihudi, malkia hayuko mbali. Lakini Khusrau alikuwa mshairi wa mifano, aliyependa kurembesha kila tukio kwa visa vya kale, na kumtoa malkia mzima katika jina la ndege mmoja ni kulivuta neno kupita urefu wake.

Kimya chake kina uzito kwa sababu Khusrau hakuwa mtu wa kuyaficha mambo ya wanawake na vita. Ndiye aliyeeleza jinsi moto ulivyowashwa ndani ya Ranthambore kabla ngome haijaanguka. Ndiye pia aliyetunga utenzi mzima juu ya mapenzi ya Khizr Khan na Devaldevi, binti wa mfalme wa Gujarat, ambaye mama yake, Kamaladevi, alitekwa akapelekwa kwa Alauddin na kuwa mkewe. Kama Sultani angekwenda Chittor kwa ajili ya mwanamke, mshairi huyu angekuwa na kila sababu ya kulisimulia jambo hilo. Isami na Barani, walioandika historia ya Delhi takriban nusu karne baadaye, nao hawamtaji. Hata watawala wa Mewar wenyewe, walipochonga sifa za mababu zao kwenye mawe ya Kumbhalgarh mwaka 1460, walikumbuka kuanguka kwa Chittor bila kumkumbuka Padmini. Yumkini habari za Kamaladevi na za moto wa Ranthambore, zikipita mdomo hadi mdomo kwa vizazi kadhaa, ndizo zilizotoa udongo ambao mfinyanzi mmoja alikuja kuutumia.

Mfinyanzi huyo ni Malik Muhammad Jayasi, Mwislamu wa tariqa ya Kisufi ya Chishti, mwenyeji wa mji mdogo wa Jais katika nchi ya Awadh, mamia ya kilomita kutoka Chittor. Mwenyewe anajieleza katika utenzi wake kuwa mshairi wa jicho moja. Hakuandika kwa Kiajemi, lugha ya ikulu na ya wasomi. Aliandika kwa Kiawadhi, lugha ya wakulima na wafanyabiashara waliomzunguka, na nakala za zamani zaidi za kazi yake ziko kwa herufi za Kiajemi, kama vile tenzi za kale za Kiswahili zilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Beti zake hufuata mpangilio maalumu: mishororo pacha saba ya mwendo mmoja, kisha mishororo miwili ya kufungia, yenye mizani tofauti. Miaka 34 baadaye, mwaka 1574, Tulsidas alianza kutunga kwa lugha hiyohiyo masimulizi ya Rama ambayo Wahindu wengi wanayathamini kama kitabu kitakatifu. Jayasi alitangulia kuionyesha lugha hiyo uwezo wake.

Utenzi wake, Padmavat, hauanzii vitani. Unaanzia kisiwani Singhal, nchi ya mbali ambayo kwa jina ni Sri Lanka na kwa sura ni pepo. Huko anazaliwa Padmavati, binti wa mfalme Gandharvsen, na rafiki yake mkubwa ni kasuku aitwaye Hiraman, ndege msomi anayejua vitabu vitakatifu. Jina la binti linatokana na yungiyungi, na katika elimu ya kale ya Kihindi iliyowagawa wanawake makundi manne, padmini ni yule wa daraja la juu kabisa, ambaye mwili wake hunukia kama ua hilo. Mfalme anachukia kuona kasuku akizungumza na binti yake mambo ya ndoa, anaamuru auawe. Kasuku anaruka, ananaswa na mtega ndege, anauzwa kwa Brahmani, na mwisho ananunuliwa na Ratansen wa Chittor.

Hapo kinatokea kisa ambacho kila nyumba yenye uke wenza ingekielewa. Nagmati, mke wa Ratansen, anajitazama kwenye kioo kisha anamuuliza kasuku kama yupo duniani mwanamke mzuri kumshinda yeye. Kasuku anacheka. Nagmati, kwa hofu na wivu, anaagiza ndege achinjwe kabla mfalme hajarudi mawindoni, lakini kijakazi anamficha. Mfalme anapomsikia kasuku akimsifu Padmavati kuanzia utosini hadi miguuni, anazimia. Anapozinduka anavua taji, anajipaka majivu, anavaa mavazi ya mtawa, na kuondoka na wafuasi 16,000 kuvuka bahari saba. Akiwa Singhal anakesha kwenye hekalu la Shiva akimsubiri Padmavati. Siku binti anapokuja, Ratansen anamwona mara moja tu na kuanguka tena bila fahamu. Padmavati anamwandikia ujumbe kifuani kwa liwa: alichokuja kukitafuta kilimfika, naye akalala. Ratansen anaponea chupuchupu kunyongwa na watu wa mfalme, kisha miungu inamtetea, wanaoana, na wanarudi Chittor kwa taabu kubwa ya bahari.

Nusu ya pili ndiyo iliyopata umaarufu zaidi, ingawa ya kwanza ndiyo yenye utamu. Mganga Brahmani aitwaye Raghav Chetan anafukuzwa Chittor kwa uchawi wake. Padmavati anaona hatari ya kumwacha mtu kama huyo aondoke na kinyongo, hivyo anamrushia bangili yake dirishani kama zawadi. Wema huo unamponza. Raghav anakwenda na bangili hadi Delhi na kumweleza Sultani uzuri wa mwenyewe. Alauddin anadai apewe malkia, anakataliwa, anaizingira ngome, anashindwa kuingia, na mwisho anajifanya anataka suluhu. Ratansen anamkaribisha kama mgeni. Wakiwa wanacheza sataranji, Sultani anaiona sura ya Padmavati kwenye kioo, naye pia anazimia. Wakati wa kuagana mwenyeji anamsindikiza mgeni hadi langoni, na hapo Ratansen anakamatwa na kupelekwa Delhi akiwa amefungwa.

Wapiganaji wawili, Gora na Badal, walikuwa wamemwonya mfalme wakapuuzwa, wakajitenga kwa hasira. Padmavati anatoka jumbani, anakwenda kwa miguu hadi kwao kuwaomba. Wao wanatoa habari kwamba malkia amekubali kwenda Delhi na wanawake wake, kumbe ndani ya machela 1,600 wamejificha askari wenye silaha. Mfalme anafunguliwa. Badal, kijana aliyemwacha bi harusi wake siku ileile, anakimbia naye kuelekea Chittor, na Gora anabaki njiani kulizuia jeshi la Sultani mpaka anauawa.

Mwisho wa Jayasi huwashangaza wanaokijua kisa kwa njia nyingine. Ratansen hauawi na Sultani. Wakati mfalme huyo alipokuwa kifungoni, jirani yake Devpal, mfalme wa Kihindi wa Kumbhalner, alimtumia Padmavati kuwadi wa kumshawishi. Ratansen anakwenda kulipiza, wanauana wawili hao, na Padmavati na Nagmati, wake wenza waliogombana maisha yao yote, wanapanda pamoja juu ya kuni zilizobeba maiti ya mume wao. Alauddin anafika wakati moto umekwisha. Anachota konzi ya majivu na kuyatupa. Ngome anaipata, alichokijia hakipo. Mshairi Mwislamu alimpa Sultani Mwislamu ushindi usio na kitu ndani yake, na hilo ndilo jambo kuu katika utenzi wote. Tamaa inayotaka kumiliki hufika kwenye majivu, lakini shauku iliyokubali kuvua taji, kama ile ya Ratansen njiani kwenda Singhal, ilifika.

Nakala nyingi zina beti za mwisho zinazofumbua fumbo: Chittor ni mwili, mfalme ni nafsi, Singhal ni moyo, kasuku ni mwalimu anayeonyesha njia, Nagmati ni shughuli za dunia, Raghav ni shetani, Alauddin ni udanganyifu wa dunia, na Padmavati ni hekima. Mataprasad Gupta, aliyelinganisha nakala za kale, aliamua kwamba beti hizo zilipachikwa baadaye, na inaelekea hakukosea, maana zinaifanya kazi pana ionekane nyembamba. Hata bila ufunguo huo, msomaji wa Kisufi angeelewa kwa nini kila anayemwona Padmavati anazimia.

Warajputi walikisimulia tofauti. Mwaka 1589 mtawa wa dini ya Kijaini, Hemratan, alitunga kisa cha Gora na Badal kwa ajili ya watu wa Mewar. Chittor ilikuwa imeanguka tena mwaka 1568, safari hii mbele ya Akbar, mfalme wa Wamughal, na Pratap, mtawala wa Mewar, alikuwa bado anapigana milimani. Watu wa namna hiyo hawakuwa na haja ya fumbo la moyo. Walitaka kusikia juu ya utii na ujanja wa vita, kwa hiyo kwa Hemratan mashujaa ni wale wawili, machela yanashinda, mfalme anaokolewa, na kisa kinaishia kwenye ushindi. Mwanahistoria Ramya Sreenivasan, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu maisha mengi ya malkia huyu, ameonyesha kwa uangalifu jinsi kila kundi la wasimulizi lilivyomchonga kulingana na wafadhili wake.

Kisa kilisafiri mbali. Kilitafsiriwa na kutungwa upya kwa Kiajemi mara nyingi. Mashariki kilifika hadi Mrauk-U, mji mkuu wa Arakan, ambayo leo iko Myanmar. Huko Alaol, mshairi wa Kibengali aliyefikishwa ugenini baada ya maharamia wa Kireno kumvamia na kumuua baba yake, alikitunga kwa Kibengali katikati ya karne ya 17, kwa kuagizwa na waziri wa mfalme wa Kibuddha. Mtungaji Mwislamu, mfalme Mbuddha na malkia Mhindu walikutana katika kitabu kimoja bila yeyote kuona ajabu.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na James Tod, ofisa wa Kiingereza aliyefanya kazi Rajasthan kuanzia mwaka 1818 hadi 1822. Alikusanya masimulizi ya waimbaji na nasaba za wakuu, akayachapisha kwa majuzuu mawili, mwaka 1829 na 1832. Tod aliwapenda sana Warajputi, na mapenzi yake yalimfanya achukue nyimbo kama historia. Hata jina la mume wa Padmini kwake ni Bhimsi badala ya Ratansen. Kitabu chake kilisomwa kwa hamu Calcutta, na waandishi wa Bengali waliokuwa chini ya utawala wa Uingereza wakamwona Padmini kama sura ya nchi yao iliyovamiwa. Rangalal Bandyopadhyay alitoa utenzi juu yake mwaka 1858, na Abanindranath Tagore akawasimulia watoto mwaka 1909. Kuanzia hapo Sultani wa kisa aliacha kuwa tamaa ya dunia, akawa mgeni mvamizi, na mara nyingi mgeni huyo alipewa sura ya Uislamu. Ni hasara kubwa. Malkia ambaye Mwislamu wa Awadh alimpamba kama nuru ya hekima aligeuzwa kuwa ushahidi wa uadui kati ya majirani.

Katika masimulizi haya ya baadaye Padmini hafi juu ya kuni za mumewe. Anakufa kwa jauhar, na maneno haya mawili hayana budi kutenganishwa. Sati ni mjane kuchomwa pamoja na maiti ya mumewe. Jauhar ilikuwa desturi ya vita: ngome ikikaribia kuanguka, wanawake waliingia motoni kwa wingi, wakiwa na watoto wao, ili wasitekwe na kufanywa watumwa, na wanaume wakafungua milango wakatoka kwenda kufa wakipigana. Kumbukumbu za Chittor huhesabu jauhar tatu, za mwaka 1303, 1535 na 1568. Hofu ya utumwa haikuwa ya kubuni, kwani mateka waliuzwa kweli. Lakini wanawake walioingia motoni hawakuacha neno hata moja, na sauti zote zinazosifu ujasiri wao ni za wanaume waliotunga baadaye. Serikali ya kikoloni iliharamisha sati katika jimbo la Bengal mwaka 1829. Mwaka 1987 bunge la India lililazimika kutunga sheria nyingine kali zaidi, inayokataza pia kuitukuza, baada ya mjane kijana kuchomwa katika kijiji kimoja cha Rajasthan. Kwa sababu hiyo wanawake wengi wa India hawawezi kusikiliza sifa za moto wa Chittor kwa moyo mtulivu.

Mfaransa Albert Roussel, aliyeyaona magofu ya Chittor mwaka 1909, alitunga opera iliyoonyeshwa Paris mwaka 1923. Kwake mfalme ndiye anayelegea na kutaka kumtoa mkewe, na Padmavati anamchoma kisu kuliko kumwacha avunje heshima. Sinema za India zilimwonyesha tangu enzi za filamu zisizo na sauti, na mwaka 1963 Vyjayanthimala alimwigiza katika filamu ya Kitamil. Hakuna iliyozua moto kama ile ya Sanjay Leela Bhansali. Januari 2017 wanachama wa chama kimoja cha Warajputi walivamia eneo la kupigia picha mjini Jaipur, kutokana na uvumi kwamba kungekuwa na tukio la ndoto ya mapenzi kati ya malkia na Sultani. Vitisho vilifuata dhidi ya mwongozaji na dhidi ya Deepika Padukone, aliyemwigiza malkia. Bodi ya filamu ilitaka jina libadilishwe kutoka Padmavati kuwa Padmaavat, majimbo kadhaa yakaipiga marufuku, Mahakama ya Juu ya nchi ikayatengua makatazo hayo, na filamu ikatoka tarehe 25 Januari 2018. Tukio la ndoto halikuwemo. Waliomwandama mwongozaji kwa jina la heshima walikuwa wamempigania malkia wa Tod, na Jayasi karibu hakutajwa katika ugomvi wote.

Chittor yenyewe iliingizwa mwaka 2013 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, pamoja na ngome nyingine tano za milima ya Rajasthan. Kila mwaka hufanyika sherehe ya kuwakumbuka waliokufa, na karibu na mnara wa ushindi uliojengwa na Rana Kumbha katika karne ya 15 kipo kiwanja kinachoitwa Mahasati. Upande wa kusini, ndani ya bwawa, limesimama jumba jeupe la ghorofa tatu liitwalo la Padmini. Kama linavyoonekana leo, ni kazi ya karne ya 19. Katika chumba kimoja ng'ambo ya maji palikuwa na vioo, na watembeza wageni waliwaonyesha watu mahali Sultani aliposimama kuitazama sura iliyoakisiwa kutoka kwenye ngazi za jumba. Machi 2017, katika joto la ugomvi wa filamu, watu waliingia wakavivunja.